Mguu wa Boti Yetu

Boti yetu ilikaa uani Makadara, Nairobi, miaka yangu yote ya shule, imeinuliwa juu ya matofali, kamba za nguo zikipita juu yake. Mwenye kiwanda alichofanyia kazi baba alipohama aliiacha, baba akapewa. Alisema tutaipeleka nyumbani, ziwani. Nilipomaliza darasa la nane sikuendelea. Baba aliniketisha akaniambia, "Shule ya nini, na wewe ndiye utakayeendesha boti?" Mimi ni mtu wa kunyamaza. Lakini nilimwamini.

Kila Desemba, wapangaji wenzetu wa ploti wakifunga mizigo kwenda mashambani, sisi tulifungua mguu wa boti. Mguu ni ile sehemu ya nyuma inayoteremka majini na kushika panga linalozunguka na kuisukuma boti. Injini yenyewe hubaki ndani. Baba alinifundisha mara moja, baadaye akawa anakaa kwenye ndoo akinitazama. Namwaga oili kwanza. Nachomoa pini za ile mikono inayouinua. Naweka tairi kuukuu chini yake, nafungua nati sita, kisha nauvuta nyuma moja kwa moja, bila kuupinda, mpaka shafti yake itoke kwenye injini. Napaka grisi krosi, kile kiungo cha shafti, nakagua ule mpira wa mikunjo unaozuia maji, narudisha. Oili mpya huingizwa kwa tundu la chini, ipande polepole ikisukuma hewa juu. Ukiimimina kutoka juu, hewa hubaki ndani na gia huungua.

Oili iliyotoka ilikuwa safi kila mwaka. Ingechafuliwa na nini?

"Niaje, kapteni?" jirani wa mlango wa pili alizoea kuniuliza, beseni la nguo mkononi. "Leo tunavuka, ama tungoje mvua ijaze hapa?"

"Mwache," mama alimjibu siku moja. "Angalau yeye ana meli."

Wakacheka wote wawili.

Desemba iliyopita nilikuwa nimeshautoa mguu, naupangusa, baba aliposema, "Usiurudishe."

"Umeharibika?"

"Baba yako mkubwa kule ziwani ameuomba. Wa boti yake umevunjika."

Baba mkubwa ndiye aliyemlea baba wazazi wao walipokufa. Kwetu, mtu aliyekulisha akiomba kitu, hajibiwi kwa mdomo. Unakibeba unampelekea.

"Na boti yetu?" nikauliza.

"Boti iko."

"Hiyo yake nani ataendesha?"

Baba alitazama kamba za nguo. "Mwanawe. Amemaliza fomu foo, hana la kufanya."

Tuliufunga kwa gunia na blanketi langu, tukausukuma kwa mkokoteni hadi kwenye mabasi karibu na Muthurwa. Njiani baba alinisifu jinsi nilivyoufunga. Basi lilipokuwa likipakiwa alimpigia kaka yake simu, akanipa niongee. Mguu ulikuwa bado mkavu, hauna oili, kwa hiyo nikamweleza habari ya tundu la chini. Akacheka.

"Huyu wa Nairobi anatufundisha boti, sisi tunaokunywa maji ya ziwa?"

Nikarudisha simu.

Mama alijaza udongo ndani ya boti, akapanda sukuma wiki. Imeota vizuri. Jirani haniiti tena kapteni. Ananisalimia kwa upole, kama vile nimefiwa.

Desemba hii baba alitoka na kopo la grisi, akaweka lile tairi mahali pake nyuma ya boti. Zile bolti sita zilizoushika mguu bado zimetokeza, hazishiki chochote.

"Zipake, zisishike kutu," akasema. "Mguu unaweza kurudi."

"Zipake wewe, baba," nikamwambia.

Baba akakaa kwenye ndoo, akachovya kidole ndani ya kopo, akaanza. Alikuwa akipaka ncha tu, grisi haifiki kwenye shina, ambako kutu huanzia. Nikaona, nikaingia ndani.