Stelingi Harudi Nyuma

Chuo kizima kilimwita Masikio, na wala hakuwa na masikio makubwa. Ni kwamba alisomea sauti. Kwenye chuo cha filamu kila mtu anataka kuwa mbele ya kamera au nyuma yake, kwa hiyo msichana anayependa kukaa pembeni na hedifoni, akisikiliza majani yanavyosuguana na matumbo ya wenzake yanavyonguruma kwa njaa, huonekana ana lake jambo. Masikio hakujali. Baba yake alikuwa fundi redio, na yeye alikulia chini ya meza ya kazi. Alijua kutofautisha spika iliyochanika na spika yenye vumbi kabla hajajua kusoma.

Tatizo lake lilikuwa moja tu, na lilikuwa na meno mazuri, sauti nzito na tabia njema. Huyo ndiye Stelingi. Jina alipewa kwa sababu katika kila filamu ya darasa lao mhusika mkuu alikuwa yeye, hata zile ambazo mhusika mkuu alipaswa kuwa mzee wa miaka sabini.

Mwaka wa kwanza, nje ya maktaba, Stelingi alimwambia Masikio kwamba anampenda. Masikio akamjibu palepale bila kuzungusha maneno: "Hapana. Nakuona rafiki, na sidhani kama itabadilika." Ungedhani jambo limeishia hapo. Thubutu. Kabla ya chakula cha jioni mabweni yote yalikuwa na habari, na hukumu ilikuwa moja: Masikio anajivunga. Msichana akisema hapana, maana yake ongeza bidii. Nani asiyejua? Filamu zote za mapenzi ndivyo zinavyokwenda. Kijana anakataliwa, ananyeshewa na mvua, anakataliwa tena, anagongwa na gari kidogo, halafu msichana anakuja hospitali akilia. Stelingi hafi, na stelingi harudi nyuma.

Basi Stelingi hakurudi nyuma. Alimbebea nguzo ya maikrofoni. Alimletea chai darasani. Siku yake ya kuzaliwa alikuja chini ya dirisha la bweni na gitaa la kuazima akaimba, na wasichana wote wakatoka kwenye vibaraza kupiga makofi. Kila mara Masikio alisema hapana, na kila mara watu walicheka kwa furaha, maana hadithi ilikuwa inanoga. Ubaya ni kwamba kijana mwenyewe hakuwa mbaya. Angekuwa mjinga, Masikio angemtukana yakaisha. Lakini mtu anayekuletea chai, ukimkatalia mbele za watu, wewe ndiye unayeonekana huna moyo.

Ilipofika mwaka wa mwisho, Masikio alikuwa amechoka kabisa. Alianza kuogopa jambo ambalo hakumwambia mtu: kwamba ipo siku atasema ndiyo kwa kuchoka tu, kama mtu anavyofungua mlango ili kelele za kugonga zikome, halafu aishi na hiyo 'ndiyo' maisha yake yote.

Hapo ndipo ikaja filamu ya kuhitimu. Mwongozaji alikuwa msichana wa darasa lao aliyeitwa Bosi, na jina lilimfaa. Bosi aliandika hadithi ya kijana anayegonga mlango wa msichana. Anakuja na maua, anakuja na wimbo, anakuja kwenye mvua ya mpira wa kumwagilia bustani, na mara ya mwisho mlango unafunguliwa. Hakuficha hata kidogo ametoa wapi. Stelingi awe Stelingi, na Masikio ashike sauti.

Mwalimu wao alisoma, akavua miwani. "Kanuni zote za filamu ya mapenzi umezitumia," alimwambia Bosi mbele ya darasa. "Kuna hata moja uliyoibishia?"

"Mwalimu, watu wanataka kulia, halafu wafurahi."

"Sijakukataza. Nauliza tu, huyo msichana humo ndani anafanya nini muda wote huo?"

"Anapenda, ila bado hajajijua."

Mwalimu akamtazama, akarudisha miwani, akaidhinisha. Masikio alikuwa amekaa nyuma kabisa na uso umemwaka moto.

Wiki ya kwanza ya kupiga picha, Bosi akaropoka mbele ya Masikio. Siku ya maonyesho, mlango ukishafunguliwa na taa zikiwashwa ukumbini, Stelingi atashuka mbele ya watu na pete. Mama yake anakuja. "Nimekwambia ili uvae vizuri," alisema Bosi, na alisema kwa upendo kabisa, akidhani anampa zawadi.

Masikio alikwenda nyumbani, akakaa kwenye kigoda karibu na meza ya baba yake, kama alivyokuwa akikaa utotoni.

"Baba, kuna kijana simtaki."

"Umemwambia?" Baba hakuinua macho. Alikuwa anaunganisha waya mwembamba kama unywele.

"Tangu mwaka wa kwanza."

"Sasa shida iko wapi?"

"Shida ni kwamba watu wote wanamtaka kwa niaba yangu."

Baba akaweka kazi chini. "Sikiliza, mama. Mimi mkwe wa kuchaguliwa na darasa sina haja naye. Ukitaka nije siku hiyo nisimame niwaambie, nitakuja."

Masikio alicheka, akamshukuru, akamwomba asije kabisa. Baba yake akisimama ukumbini kumsemea ingekuwa balaa kuliko hiyo pete.

Siku ya mwisho walipiga picha kwenye korido ya nyumba za walimu, ghorofa ya juu. Msichana wa darasa la ngoma alicheza nafasi ya msichana wa ndani, na Stelingi alikuwa na maikrofoni ndogo iliyofichwa chini ya kola ya shati. Watu wa sauti wana adabu yao. Mwigizaji akitoka mapumziko unaifunga maikrofoni yake, kwa sababu anayoyasema chooni ni yake. Masikio hakuwahi kuvunja adabu hiyo. Ila siku ile kulikuwa na jokofu la mtu lililokuwa linaguruma mahali fulani, na Bosi alitaka lipatikane, kwa hiyo Masikio alifungua maikrofoni zote, akafumba macho, akawa anatafuta mngurumo unatokea upande gani.

Badala ya jokofu akamsikia Stelingi. Alikuwa ngazi za nyuma, anaongea na dada yake kwenye simu.

"Dada, we acha tu. Mwaka wa kwanza nilimpenda kweli, sikatai. Akasema hapana, nikamwelewa. Si mtoto mimi. Lakini vijana wakaniambia, stelingi gani anarudi nyuma? Nikaendelea kidogo. Sasa nimeendelea mpaka hapa, nikiacha wataniambia nilikuwa namchezea. Na mama ameshawatangazia majirani." Akamsikiliza dada yake. "Hapana, dada, siogopi kwamba atakataa. Kukataliwa nimeshazoea. Naogopa atakubali."

Masikio alivua hedifoni taratibu. Kwanza alitaka kukasirika, na alikuwa na haki yake: miaka yote ile ya chai na magitaa, kumbe bwana mwenyewe alikuwa anasukumwa na umati. Lakini hasira haikuja. Kilichokuja ni kicheko, na nyuma ya kicheko mzigo mkubwa ukawa unateremka mabegani, mpaka akalazimika kukaa juu ya sanduku la vifaa.

Akamfuata kwenye ngazi, akajifanya anarekebisha waya wa kola.

"Maikrofoni ilikuwa wazi," alisema.

Stelingi akawa kama ukuta. "Umesikia nini?"

"Yote."

"Hata ile ya…"

"Hata hiyo."

Kijana akaketi kwenye ngazi, akafunika uso kwa viganja. "Nisamehe. Sasa hunitaki?"

"Sikutaki. Nilikwambia."

"Ulinambia. Nilisikia vizuri tu." Akaondoa viganja, na Masikio akaona anacheka na machozi yapo. "Uliposema, ningesema sawa tukaenda kunywa soda. Ona sasa."

"Sema leo."

Wakarudi juu pamoja. Stelingi akamwambia Bosi kwamba mwisho ubadilike: msichana akatae, kijana aondoke, na ile pete isiwepo.

"Stelingi gani anaondoka?" aliuliza Bosi.

"Huyu hapa."

Bosi alifoka. Alisema wanamharibia filamu siku ya mwisho, watu watadai warudishiwe viingilio ambavyo hata hawakulipa. Masikio hakubishana naye. Alimwambia tu, "Nimesimama nyuma ya mlango huo tangu mwaka wa kwanza, Bosi. Hukuniuliza hata siku moja kama napenda." Hatimaye wakakubaliana wapige mara mbili, mwisho wa Bosi kwanza, halafu wa Stelingi.

Mwisho wa Bosi ulikwenda vizuri. Mlango ulifunguka, wakakumbatiana, na mpiga kamera akaguswa.

Kisha wakarudia. Stelingi aligonga. Msichana akasema kutoka ndani, "Hapana. Hata mara ya kwanza nilisema hapana." Stelingi alisimama pale, na wote walijua anapaswa kuinua mkono agonge tena, maana mkono ulikuwa umeshaanza kupanda. Ukashuka. "Sawa," alisema. "Nimekusikia." Akageuka kuelekea ngazini, na kwenye hedifoni Masikio akamsikia akishusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua gunia. Kwa upande wa pili wa mlango, kwenye maikrofoni nyingine, msichana naye alishusha pumzi ambayo hakuna aliyemwelekeza aishushe.

Bosi alisahau kusema kata. Kamera iliendelea kupiga korido tupu. "Ajabu," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo isiyo yake. "Mbona nimejisikia vizuri?"

Alipokwenda kuhariri, alibakisha maua, alibakisha wimbo, alibakisha mvua ya mpira, kanuni zote zikae mahali pake watazamaji waingie mtegoni wenyewe. Alibadilisha hodi ya mwisho tu. Kilichobaki kilikuwa mama yake Stelingi. Kijana aliahidi kumweleza mapema.

Siku ya maonyesho mama akafika amependeza, akapita katikati ya watu moja kwa moja, akamkumbatia Masikio. "Mkwe wangu," alisema, na watu wa karibu wakatabasamu. Nyuma yake Stelingi alikuwa anatikisa kichwa. "Sijamwambia," alimnong'oneza Masikio alipopita. "Nilijaribu. Akaanza kunionyesha kitambaa cha nguo ya harusi." Masikio alitazama filamu yote bila kuiona. Alimtazama mama yule, safu ya mbele, akipiga makofi kwenye maua na kwenye wimbo.

Kwenye hodi ya mwisho mtu alipaza sauti kutoka gizani, "Gonga tena, bwana!" na ukumbi ukacheka. Stelingi wa kwenye skrini akasema sawa, akaondoka. Taa zilipowaka, nusu ya watu walilalamika kwamba wameibiwa harusi, na nusu nyingine walikuwa bado wameketi. Mwalimu alimpita Bosi, akamwambia, "Sasa nimemwona huyo msichana," akaenda zake.

Mama alimkuta Masikio kwenye korido.

"Mwanangu, yule wa ndani ya mlango ni wewe?"

"Ni filamu tu, mama."

"Nimekuuliza wewe."

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Ulikuwa unakataa kweli?"

"Kweli."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema, mama. Nimesema mpaka nimechoka."

Mama akarekebisha mtandio wake, ingawa ulikuwa umekaa sawa. "Mimi pia nilisema," alisema. "Nikamwambia shangazi, nikawaambia kaka zangu, nikamwambia mwenyewe. Wakasema najivunga."

"Ikawaje?"

"Ikawa huyo." Alimwonyesha kwa kidevu kijana wake, aliyekuwa anapigwa picha na wenzake mlangoni. "Mtoto simjutii. Mtoto ni mtoto." Akaushika mkono wa Masikio, akaubana, wala hakuongeza neno. Kisha akamwita mwanawe kwa sauti iliyofika nje, na Stelingi akaja na uso wa mtu anayekwenda kuchapwa.

"Msalimie dada yako," alisema mama.

Stelingi akamtazama mama yake, akamtazama Masikio, na uso wake wote ukafunguka. "Hujambo, dada?"

Machozi yalimtoka Masikio mbele ya kila mtu, na hakuhangaika kuyafuta.

"Sijambo, kaka."