Somo la Vipimo Ambalo Halikufika Lambwe

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wa elimu ya watu wazima pale Rangwe alinipa sanduku la chaki na onyo. "Mwalimu, hawa ni wazazi wako. Ukiwafokea, kesho utafundisha viti."

Darasa langu, gumbaru kama watu walivyoliita, lilikuwa katika bonde la Lambwe. Ninyi vijana mnadhani mwalimu peke yake hutosha. Hatoshi. Kanisa lilitupa chumba, chama cha ushirika kikatupa vitabu, na bwana mifugo, afisa wa mambo ya ng'ombe, ndiye wa kufundisha vipimo vya dawa. Wafadhili walilipia petroli. Tuliuita mtandao, na ulifanya kazi kweli. Herufi zilitangulia. Vipimo vilipangiwa mwishoni, kila mtu achanganye dawa ya kupe na maji kwa kizibo cha soda, bwana mifugo akimwangalia.

Mwanafunzi wangu hodari alikuwa Min Otieno, yaani mama yake Otieno, mjane mwenye maksai wawili wa kulimia. Siku aliyosoma jina la dawa kwenye chupa alicheka hadi akakaa chini. "Japuonj, mwalimu wangu, sasa siombi mtu anisomee."

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Kabla ya somo la vipimo, wafadhili wakajiondoa. Petroli ikaisha, bwana mifugo hakuweza kuja. Ushirika ukasema vitabu si kazi yao, kanisa likataka chumba chake. Nilikwenda Rangwe kulalamika. Msimamizi hakuinua macho. "Funga darasa, mwalimu. Wamejua kusoma, inatosha."

Inatosha, eti. Zamani Min Otieno angemwita shemeji yake amchanganyie dawa. Sasa alikuwa msomi. Alinunua chupa sokoni, akasoma jina sawasawa, akawapaka maksai dawa kavu bila tone la maji. Nilipofika walikuwa wamelala chini wakitoa povu.

"Japuonj, nimesoma vibaya wapi?"

"Hujasoma vibaya, mama."

Msimu ule alilima kwa jembe la mkono, na Otieno akaacha shule amsaidie. Mimi nimestaafu na cheti cha utumishi mwema, kiko ukutani. Wageni hukisifu. Mimi namwona Min Otieno, kidole chini ya jina lile la dawa, akilisoma upya kwa sauti, herufi kwa herufi, ili nimwonyeshe alipokosea.