Watoto Watatu wa Baba Mkali

Mwenye kazi huamka akinung'unika. Pyo Dal-su, ambaye alikuwa mwaka wa tatu hana kazi, aliamka kila siku akipiga mluzi. Alivaa shati la kola, akatia gazeti na mayai mawili ya kuchemsha mkobani, akateremka ngazi za mtaa wetu wa mlimani kwa haraka ya mtu anayengojewa na watu mia.

"Naenda kazini!" aliwatangazia majirani, na hakuna aliyemuuliza.

"Kazi njema, Bosi," walimjibu, halafu wakaingia ndani kucheka vizuri. Maana mji mzima wa Busan, kuanzia gatini mpaka kileleni, ulijua kwamba Dal-su akifika chini anazunguka nyuma ya hekalu, anapanda mlima wa pili, anakula mayai yake chini ya misonobari na kusubiri jioni.

Ubosi alikuwa nao kweli, zamani. Alikuwa na karakana ya soli za viatu, mashine nne na vijana sita, na mtaa ulinuka gundi mpaka paka walitembea wakiyumba. Kisha wenye viwanda vya viatu wakahamishia kazi nchi nyingine. Mashine zikauzwa, paka wakarudiwa na fahamu, na Dal-su akabaki na boksi zima la kadi zilizoandikwa "Pyo Dal-su, Bosi Mkuu".

Angeendelea hivyo mpaka misonobari imkatae, lakini binti yake Eun-sol akapata mchumba. Baba wa kijana ni mwalimu mkuu mstaafu wa mji wa Daegu, mtu wa kukaa wima hata akiwa amelala. Familia mbili zilipanga kuonana Jumamosi ya wiki iliyofuata, kwenye mkahawa wenye vyumba vya faragha, na kila mtu anajua siku hiyo ilivyo. Mama wanaangaliana nguo, watoto wanaangalia meza, na kabla supu haijapoa baba mmoja anamuuliza mwenzake swali lilelile.

"Baba Eun-sol," mkewe Gye-suk alimwanza, "huyo mkwe akikuuliza unafanya kazi gani, utamjibu nini?"

"Nitamwambia mimi ni mfanyabiashara."

"Wa nini? Mayai ya kuchemsha?"

Dal-su alishtuka. "Kumbe unajua?"

"Sasa nani anayachemsha?" Gye-suk alimwelekezea mwiko. "Mtoto wako asiaibike mbele ya wakwe kwa sababu ya kiburi chako. Kesho unakwenda kituo cha kazi. Na nikisikia umepita nyuma ya hekalu, nakufuata na huu."

Kituo cha kazi kiko ghorofa ya pili, juu ya duka la dagaa wakavu, kwa hiyo anayetafuta kazi hunusa chakula kabla hajapata cha kununulia. Mshauri aliyempokea anaitwa Tak Hye-in, msichana wa rika la Eun-sol, mwenye miwani mikubwa na subira ya kuonea huruma.

"Nimekuja kuangalia tu, Mwalimu," alisema Dal-su mlangoni, akimpa jina hilo kwa heshima.

"Kuangalia nini, Mzee wangu?"

"Kazi."

"Basi kaa. Ukisimama hazionekani."

Dal-su akakaa, akatoa kadi yake. Hye-in aliipokea kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka, akaisoma mbele na nyuma.

"Na kwa sasa, Bosi, unaongoza nini?"

"Boksi la hizo kadi."

Hye-in hakucheka, ingawa miwani ilitikisika. Alimweleza kwamba ataandikishwa, atakuja kila Jumatatu, na nyumba yake itapata posho ya serikali maadamu anatafuta kazi kwa kweli. Akaangalia majani membamba ya msonobari yaliyoganda kwenye viatu vya Dal-su. "Kwa kweli, Mzee. Si mlimani."

Nafasi ilikuwepo moja. Wilaya ina nyumba ya kufulia, inachukua mablanketi ya wazee wanaoishi peke yao, yale mazito ya pamba wasiyoweza kuyainua, inayafua na kuyarudisha. Alitakiwa mtu mmoja mwenye leseni ya gari na mgongo.

"Ila uandike barua ya kujieleza. Ukurasa mmoja tu. Wewe ni nani, umekuaje, na kwa nini unaitaka kazi hii."

Ukurasa mmoja! Dal-su aliukalia siku tatu kama kuku aliyewekewa yai la jiwe. Siku ya kwanza aliandika jina lake. Siku ya pili aliliandika vizuri zaidi. Siku ya tatu alifuta. Siku ya nne akaenda kwa Ma Pan-ho, rafiki yake aliyemtangulia kuzaliwa kwa miezi kumi na moja na anayedai aitwe kaka mpaka siku ya kuzikwa.

"Kaka Pan-ho, nimekwama."

"Umekwama na mimi nipo?" Pan-ho akafungua droo. "Hii barua ilimwingiza mpwa wangu benki. Ni dhahabu. Badilisha jina, mengine usiguse."

"Inaanzaje?"

"'Nilizaliwa mtoto wa pili kati ya wanne, nikalelewa na baba mkali na mama mpole.'"

"Lakini kaka, mimi ni wa kwanza. Na nyumbani kwetu mkali alikuwa mama. Baba alikuwa anamwogopa hata jogoo."

"Unataka kazi au unataka kutoa ushahidi mahakamani?"

Dal-su akanakili. Pan-ho akasahau kumwambia kwamba na yeye ameiomba nafasi ileile. Akasahau pia kwamba wiki ile alikuwa amemwazima barua hiyo Mzee Guk, kinyozi ambaye duka lake lilifungwa mwaka jana.

Jumanne, siku nne kabla ya kikao cha wakwe, Dal-su aliingia kwenye usaili akiwa na suti inayonuka naftalini kiasi kwamba nondo wa mtaa mzima walihama. Akakuta viti vitatu. Kimoja kimekaliwa na Pan-ho. Kingine na Guk.

"Kaka, unafanya nini hapa?"

"Nimekusindikiza," alisema Pan-ho, akiwa na namba ya usaili kifuani.

Msaili alikuwa Bibi Bong, mkuu wa nyumba ya kufulia. Amekamua mablanketi miaka mingi kwa mikono yake, na watu husema akikupa mkono wa salamu unarudi nyumbani mkavu. Hye-in alikaa pembeni na faili zake. Bibi Bong akashika barua ya kwanza.

"Bwana Pyo. 'Mtoto wa pili kati ya wanne, baba mkali na mama mpole.' Vizuri." Akashika ya pili. "Bwana Ma. 'Mtoto wa pili kati ya wanne...'" Akaifunua ya tatu taratibu, kama anayefungua sufuria asiyoiamini. "Bwana Guk, baba yako alikuwaje?"

"Mkali, mama."

"Na mama yako?"

"Mpole... kiasi."

"Huyu mama mpole alizaa watoto wa pili wangapi?"

"Watu wa mlimani tumelelewa hivyohivyo," Pan-ho alidakia.

"Naona. Na wote watatu, tangu utotoni, ndoto yenu imekuwa kuitumikia benki yetu. Mmeiona benki hapa? Mimi naona ndoo."

Hye-in alijifunika uso kwa faili. Dal-su alitamani sakafu impokee. Aliiona Jumamosi ikimjia, mkwe amekaa wima, supu inafuka mvuke, na swali lilelile limeshafika mezani.

Bibi Bong alizikunja barua zote tatu pamoja. "Haya, wana wa baba mkali. Nina nyumba tatu zinazongoja. Kila mmoja aende kwake. Atakayerudi na blanketi, tutaongea."

Dal-su alipewa nyumba ya Bibi Jo, iliyo juu kabisa ya ngazi, mahali ambapo hata tarishi wa posta huomba dua kabla ya kupanda. Bibi Jo ana miaka tisini na moja, na blanketi lake ni lile aliloingia nalo kwenye ndoa, pamba tupu, zito kama ng'ombe mwenye mimba. Watumishi wa wilaya walishalifuata mara nne, wakateremka mikono mitupu.

"Wewe nani?" aliuliza Bibi Jo, amelikumbatia mlangoni.

Dal-su akainama, akatoa kadi. Mkono ndio uliomponza, umezoea. Bibi Jo akaishika mbali na macho.

"Bosi Mkuu. Wa nini?"

"Soli za viatu, mama."

"Soli ninazo. Sijaagiza. Na bosi gani anatembea akiokota mablanketi ya wajane? Mwizi!"

Dal-su akashika pembe moja kwa upole. Bibi Jo akavuta kwake. Dal-su akavuta kidogo, Bibi Jo akavuta sana, na wakavutana hivyo mpaka blanketi la watu wawili lingetosha kufunika basi. Majirani walitoka na viti vyao. Mmoja alileta viazi vitamu vya kuchoma.

"Mama, achia!"

"Achia wewe, bosi wa uongo!"

Hapo Dal-su akaishiwa nguvu. Akasema, wala hakupunguza sauti, na mtaa mzima ulikuwa unatafuna viazi na kusikiliza:

"Ni kweli, mama. Mimi si bosi wa chochote. Karakana yangu ilikufa. Kila asubuhi najifanya naenda kazini, halafu nakaa mlimani kama mjinga. Jumamosi nakutana na wakwe wa binti yangu, wataniuliza nafanya nini, na sina cha kuwajibu. Nipe hilo blanketi nikalifue. Nikilirudisha na doa, unichape."

Bibi Jo alimtazama. "Ungesema hivyo tangu mwanzo, tusingechoshana."

Akaachia. Lakini aliachia ghafla, na Dal-su alishuka ngazi kumi na mbili kwa makalio, blanketi likimfuata na kumfunika. Hakuumia hata ukucha, maana pamba ya maharusi wa zamani ni pamba kweli.

Alipofika chini, kwenye nyumba ya kufulia, Guk alikuwa amesharudi bila blanketi. Kule alikotumwa alikuta mzee mwenye nywele ndefu, akashindwa kujizuia, akamnyoa, na kilichompeleka kikamtoka kichwani. Pan-ho alirudi akijilamba vidole. Alikaribishwa tambi na kimchi, ile kabichi chachu ya pilipili, akala, akaaga.

Bibi Bong alilipapasa lile blanketi kama haamini. "Bibi Jo hata mimi hanipi. Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia mimi ni nani."

"Basi kaa hapo umwandikie Mwalimu Tak Hye-in hayohayo, apate cha kuweka kwenye faili. Kesho saa mbili uje na viatu vya mpira."

Dal-su aliandika mistari tisa bila kuinua kichwa. Pan-ho alinuna siku mbili, ya tatu akapanda kituoni kumwuliza Hye-in kama kuna kazi ya kuonja chakula.

Jumamosi ikafika. Mabega ya Dal-su yalikuwa yanauma kwa siku tatu za kubeba, na vidole vimekunjamana kwa sabuni. Vyakula vilijaa meza mpaka vijiti vya kulia havikupata pa kulala. Mkwe alikunywa pombe ya mchele kidogo, akajifuta mdomo, akakaa wima zaidi.

"Na wewe, Mkwe, unajishughulisha na nini siku hizi?"

Vijiti vya Gye-suk vilisimama hewani. Eun-sol aliangalia samaki kana kwamba ndiye aliyeulizwa. Ulimi wa Dal-su ulijikunja kuelekea "mfanyabiashara", ukarudi.

"Nafua mablanketi ya wazee," alisema. "Nayabeba mgongoni, nayafua, nayarudisha."

Mkwe akaweka kikombe chini.

"Yale ya pamba ya zamani?" aliuliza. "Na mvua za Juni zikianza, mnayakaushaje? Mimi naishi na mama yangu, nimelitandaza lake barazani wiki nzima, limeota ukungu, na yeye hasemi na mimi."

"Wiki nzima? Mkwe, umeliua!" Dal-su akavuta mto wake wa kukalia, akasogea. "Sikiliza..."

Wakaongea sabuni, jua na kamba mpaka tarehe ya harusi ikapangwa na akina mama peke yao. Supu ilipoa, ikapashwa, ikapoa tena. Kwenye sahani ya tatu Dal-su alikuwa anabeba mablanketi saba kwa siku. Kwenye ya tano yakawa sabini, na ngazi za kwa Bibi Jo zikafika mia sita. Gye-suk akamfinya paja chini ya meza. Yeye akadhani anatiwa moyo, akaongeza ngazi nyingine hamsini.