Poda ya Mama wa Maziwa

Juzi nilisimama kwenye duka moja kijijini kwetu Bihambwe nikisubiri betri za redio. Kwenye benchi vijana watatu walikuwa wakilalamika kwa moyo wote. "Diploma iko karatasi tu," alisema mrefu wao. "Niko nayo miaka ine, na kazi hakuna."

Akaingia mama muuza maziwa, akatua bidoni, dumu lake la maziwa, akaomba kopo la poda. Kwetu, anayefaulu mtihani wa serikali na kupata diploma humwagiwa poda kichwani, basi mwenye duka akatabasamu.

"Mama, mutoto amepita?"

"Mutoto alipita mwaka jana. Yeye njo alinifundisha hesabu."

"Sasa hii poda ni ya nani?"

Mama akafungua kitambaa, akainamisha kichwa chenye mvi juu ya meza. "Iko yangu. Munimwangie haraka, Papa, maziwa itaharibika."

Duka zima likalipuka kwa vigelegele. Nilitaka kusema neno la maana kuhusu elimu, lakini poda ilinijaa mdomoni. Aliyekuwa akiimwaga, kwa mikono yote miwili, ni yule mrefu wa "karatasi tu".