Kilio cha Mama Kwenye Kaseti

Mpaka leo nikisikia mtu anaisifu ile filamu, damu inanichemka. Wanasema baba yangu alikufa vizuri. Alikufa vizuri! Kha!

Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, kaseti zimejaa madukani, na kiwanda alichofanyia kazi baba kimefungwa. Kikundi cha maigizo cha kiwanda nacho kikafa. Baba ndiye alikuwa nyota wake. Akicheza mfalme ukumbi mzima unasimama, na miaka ya foleni za sukari watu walikuwa wakimpisha mbele. Sasa akawa wa kushinda barazani na redio yake. Ndipo tajiri mmoja mwenye banda la video akaja kwetu Nguvumali, Tanga, akatoa shikamoo tamu kama halua, akasema anatengeneza filamu. Kijana wa Pongwe anapigwa na radi juu ya kaburi la babu yake, anapata nguvu, anapaa na kunyanyua malori.

"Babu ni wewe, mzee wangu. Bila wewe banda halijai."

Baba alifurahi mpaka akatokwa na machozi. Mama akauliza kama atacheza maiti, maana hilo hataki hata kulisikia. Baba akamwambia sehemu ile ameikataa. Alimdanganya, mchana kweupe.

Sasa sikia upumbavu wao. Waliazima jeneza la msikitini, wakamvika baba sanda, wakamlaza humo na kumfunika. Vijana wanne wakalibeba barabarani. Mpiga picha akajificha kwenye pikapu ili watu wasiikodolee macho kamera. Lakini kwetu jeneza likipita huulizi la nani. Fundi cherehani anaacha nguo sindanoni, muuza kahawa anatua birika, kila mwanamume anakimbilia kubeba hatua chache apate thawabu. Mara umati umejaa, tahlili zinapaa. Mtu mmoja akamuuliza kijana wa mbele wanamzika nani, na yule zuzu akajibu, "Mzee wa maigizo." Basi! Habari ya msiba Tanga haina breki.

Mama alikuwa anachambua mchele. Mwanamke wa kwetu hafuati jeneza, abadan. Mama alilifuata. Alitoka pekupeku, kanga imemdondoka njiani, kichwa wazi, mvi zake zote nje mbele ya wanaume wa watu. Akaling'ang'ania jeneza akipiga ukelele, "Umeniacha na nani? Umeniacha na nani, baba watoto?"

Na baba alisikia. Alikuwa pale pale chini ya shuka, kila neno linamwingia, na hakuinuka. Kamera ilikuwa inachukua, basi bwana mkubwa akaendelea kufa! Aliinuka pale tu tajiri alipopiga makofi. Watu wakatimka, wengine wakamlaani, na mama akakaa chini mavumbini. Mimi niliyemkimbilia nyuma nilimfunika kwa kanga yangu.

Nyumbani mama aliomba kitu kimoja tu. "Kifuteni kile kilio. Nimevuliwa nguo mbele ya mji mzima."

Baba akaahidi. Akaenda kwa tajiri, akarudi amechangamka. "Hakuna mwigizaji anayeweza kulia vile," akasema. "Ile ndiyo roho ya filamu. Tumekiacha."

Tumekiacha! Nilimwambia baba yangu mzazi kwamba hana haya, na sijutii. Banda lilijaa, watu wakampongeza mtaani, naye akavimba kichwa kama zamani. Mama akienda sokoni, wahuni wanamwigiza, "Umeniacha na nani!" Akaacha kwenda sokoni. Nikawa naenda mimi.

Miaka ikapita, baba akafa kweli. Wanawake wakajaa chumbani, wamemzunguka mama, wanamngoja. Mama amekaa na tasbihi, macho makavu. Jeneza likatolewa, asitikisike. Jirani mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Mbona kwenye kaseti alilia sana?"

Nilinyanyuka nimtoe nje kwa mkono wangu. Mama akanishika.

"Mwache," akasema. Kisha akamgeukia yule jirani. "Nilishamlilia, mwanangu. Akanisikia, akanyamaza. Kilio kingine sina."