Mbingu Kabla ya Nyumba

Nilikuwa na kiburi, na hilo nalisema mapema ili asije mtu akanionea huruma bure. Mwaka ule tulipohamishiwa kijiji kipya, kando ya barabara iendayo Sumbawanga, hakuna binti aliyenishinda kwa sindano. Nilijifunza kudarizi kwa masista kule Kaengesa: ua kwenye kona, ndege wawili wanatazamana, basi, kitambaa kingine chote kinabaki cheupe. Lakini ukutani kwa masista kulikuwa na picha moja kutoka Ulaya, mlima na kanisa, imeshonwa misalaba midogo midogo kutoka pembe hadi pembe. Kitambaa hakikuonekana hata chembe. Ukiitazama kwa mbali ungeapa imepakwa rangi. Nikasema moyoni, iko siku nami nitashona ya namna ile.

Siku yenyewe ililetwa na macho ya mama. Nilimpeleka hospitali mjini kwa sababu alikuwa anamimina uji pembeni ya bakuli. Daktari alimmulika, akanivuta kando, akasema ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kitakwenda, pengine kabla ya mavuno ya ulezi. Mvua ndio kwanza zilikuwa zinaanza.

Njiani mama hakulia. Alisema kitu kimoja tu, kwamba angependa kuiona tena nyumba yetu ya zamani. Nyumba ipi? Tulipohama paa liliezuliwa, miti ikachukuliwa kujengea huku, kuta za udongo tukaziachia mvua. Nimpeleke akatazame kifusi? Nikamwambia, "Utaiona, mama. Nitakushonea."

Nilichukua daftari la hesabu lenye vijimraba, nikaichora kwa kumbukumbu: kijimraba kimoja, msalaba mmoja. Paa la nyasi, mlango, kihenge cha ulezi, mkaratusi nyuma, mlima, na juu ya vyote mbingu. Kitambaa kilikuwa mfuko wa unga wa ngano, maana nyuzi zake zinahesabika. Uzi wa kushonea ndio uliokuwa balaa. Duka la kijiji lilikuwa na chumvi likipenda. Uzi wa kudarizi, sahau. Bluu niliipata kwa mama mmoja mfanyabiashara aliyetoka Mbeya. Kwa kahawia nilifumua sweta langu mwenyewe, na baridi ya Ufipa si ya mchezo.

Wifi yangu, mke wa kaka, alilitazama daftari akatikisa kichwa. "Wifi, anza na nyumba. Mbingu mama anaijua."

Nilimjibu vibaya. "Wewe ukienda shamba unaanzia kulima katikati?" Kwetu unaanzia ukingoni, unakwenda na mstari wako hadi mwisho, huachi kiraka nyuma. Aliyeacha kiraka anachekwa mpaka kanisani. Nikaanzia pembe ya juu kushoto, mstari kwa mstari, jembe lilivyonifundisha.

Lo! Sikujua mbingu ni kubwa kiasi kile. Asubuhi tulikuwa shamba la kijiji, mchana nakaa kizingitini na sindano, na ikifika saa kumi na moja nimesogea upana wa kidole. Ukikosea uzi mmoja wa kitambaa, msalaba unaofuata unakwenda upande, na ule unaofuata, hadi mstari mzima umepinda. Nilifumua mara nyingi kuliko nilivyoshona. Mama alikuwa akikaa karibu yangu kwenye mkeka, akiuliza, "Nyumba imefika?"

"Bado, mama. Niko mbinguni."

Mwanzoni tulicheka pamoja. Baadaye nilianza kulichukia swali hilo. Nilimwona akipapasa ukuta kutafuta mlango, nikavuta uzi kwa haraka, uzi ukakatika. Nilimwona akimwamkia mgeni aliyekuwa amekwisha kuondoka. Nikajichoma sindano, nikafuta damu kwa khanga ili isidondokee kwenye bluu. Wifi alipita na ndoo kichwani, akatazama, akaenda zake. Afadhali angesema kitu.

Ungeniuliza kwa nini sikuruka mistari nikaenda moja kwa moja kwenye nyumba. Nilijiuliza hata mimi. Lakini nilikuwa nimekwisha kumjibu wifi, tena mbele ya watu, na sikutaka anione nimekubali. Huo ndio ukweli wangu, haunipendezi.

Ulezi ulikuwa umeanza kugeuka rangi shambani nilipofika kwenye paa. Furaha niliyokuwa nayo! Misalaba ya kahawia, safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikamshikia mama kitambaa mbele ya uso, kwenye jua. Akatabasamu.

"Bluu nzuri sana, mwanangu. Mbingu imetulia."

Kidole changu kilikuwa juu ya paa. Nikamuuliza tangu lini haoni, nikamuuliza kwa ukali, kama yeye ndiye aliyenikosea. "Tangu ulipokuwa kwenye mlima," akasema. "Nilifikiri nikikuambia utaacha."

Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia hadi kamasi. Mama alikuwa amekaa wiki nyingi gizani, akiuliza habari ya nyumba asiyoweza tena kuiona, na mimi nilikuwa na haraka ya kumaliza mstari. Nilitamani kukitupa kitambaa motoni. Lakini mama alisema ataacha kuuliza, nimalize tu. Nikashona kihenge, nikashona ukuta, nikashona mlango kwa uzi mweusi niliopewa na wifi bila kuuomba. Ulezi ulikuwa tayari umevunwa nilipofunga msalaba wa mwisho kwenye pembe ya chini. Kitambaa hakikuonekana hata chembe.

Niliweka kazi ile mapajani mwake. Mama akanawa mikono kwanza, akaikausha kwa khanga, ndipo akaanza kupitisha vidole. Kutoka juu hadi chini, kutoka pembe hadi pembe, akarudia. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Mlango uko wapi?" mama aliuliza.

"Hapo hapo ulipoweka kidole."

Akapapasa tena. Uso wake ulikuwa wa mtu anayejitahidi kutomvunja mwenzake moyo. "Mbona kote sawa tu, mwanangu."

Ilikuwa kweli. Msalaba wa mbingu na msalaba wa paa ni msalaba ule ule. Nilikuwa nimeijaza kazi vizuri mno, hapakuwa na pa kushika. Wifi aliweka mwiko chini, akaingia ndani, akatoka na wembe. Hakunicheka. Tuliketi wawili, kila mmoja na upande wake, tukaanza kuchana mbingu.

Ilituchukua siku tatu. Tulitoa bluu yote, tukatoa mlima, tukatoa mkaratusi na majani yake, hadi kitambaa cha mfuko wa unga kikabaki kitupu kuizunguka nyumba. Siku ya tatu mchana nilimrudishia mama. Kidole chake kiliteleza juu ya kitambaa kitupu, kikagonga ukingo wa paa, kikasimama. Kikaufuata ukingo taratibu, kikashuka hadi pembeni ya mlango.

"Hapa," akasema, "ndipo palipokuwa panavuja."