Saa ya Chungu cha Maharagi

Nilipokuwa sekondari ya misheni, kwetu Masisi, nyumbani hatukuwa na saa. Mwalimu alitaka tusome kwa muda wa saa mbili kila jioni, basi mimi nikajipimia kwa chungu cha Mama. Akiteleka maharagi, nafungua daftari la Kifaransa, yakiiva, nalifunga. Alama zangu zilikuwa nzuri, nami nilijisifu sana.

Kisha maharagi mapya yakatoka shambani. Yaliiva upesi, nami nikafunga daftari upesi, nikala, nikajiona mwanafunzi mwenye mpango kuliko wote. Mtihani ulipokuja nilishindwa vitenzi karibu vyote, nikarudi nyumbani nikimlaumu mwalimu.

Mama, ambaye hakuwahi kukaa darasani, alinisikiliza huku akichambua maharagi.

"Mutoto wangu," akasema, "haragi mupya iko inaiva mbio. Kichwa yako iko ile ile."

Tangu siku hiyo, mtihani ukikaribia, alipika maharagi ya msimu uliopita, magumu kama kokoto. Wadogo zangu walikaa kando ya moto wakinisikiliza, njaa ikiwauma, hata wakavijua vitenzi vile kwa kichwa kabla hawajaanza shule.